Ghorofa ya Brashi

Katika Idara ya Utalii, ukitaka picha ya kitu chochote kilichomo nchini, iwe mlima, ziwa, daraja au soko la vitunguu, hukuwa na haja ya kwenda kwa Mkurugenzi. Ulikwenda mwisho wa ukumbi, mlango wa kushoto, ukabisha hodi, ukangoja uambiwe karibu. Usipongoja ungekiona cha mtema kuni. Humo ndani alikaa mwanamke mmoja na makabati yake manne ya chuma, na ndani ya makabati zilikuwamo picha elfu kumi na tisa, kila moja na filamu yake kwenye bahasha yake, na kila bahasha imeandikwa kwa penseli mahali, siku, mwezi na mwaka. Miaka ishirini na miwili alikuwa humo. Jina lake la cheti cha kuzaliwa lilikuwa limesahaulika hata na karani wa utumishi. Wote walimwita Mama Kabati, naye aliitika.

Kazi yake ya pili ilikuwa ya brashi. Picha ikija na kasoro, waya wa umeme umekatiza mawingu, au mbwa ameamua kujisaidia mbele ya jumba la makumbusho, Mama Kabati aliketi dirishani na lenzi ya kukuzia, vichupa vya rangi na brashi namba mbili, akamfuta mbwa na haja yake. Mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu. Mpiga picha wa idara, bwana mmoja mnene aliyepewa jina la Tabasamu kwa kuwa hilo ndilo neno pekee alilowaambia watu kazini, alizoea kusema kwamba Mama Kabati akikufuta wewe, hata mama yako mzazi hatakukumbuka.

Basi vita vikaja. Vilikuwa vita vya mpakani, mwendo wa siku mbili kwa lori, na mjini tulivijua kwa foleni za mafuta, kwa vioo vya madirisha vilivyobandikwa utepe wa gundi visije vikaruka, na kwa mifuko ya mchanga iliyorundikwa kwenye milango ya ofisi. Ungedhani Idara ya Utalii ingefungwa, watu wakalale. Thubutu! Ndiyo kwanza serikali ikakaza kamba. Mkurugenzi, mtu mwembamba mwenye suti moja ya kijivu na wasiwasi wa watu kumi, aliitwa kwa wakubwa akarudi na agizo: dunia ionyeshwe kwamba nchi imetulia tuli na watu wanaogelea. Siku hiyohiyo akaamuru vyungu vya maua viwekwe juu ya ile mifuko ya mchanga, ionekane ni bustani. Watalii wenyewe walikuwa wamekwisha kuondoka. Alibaki mzee mmoja mgeni, mchunguzi wa vipepeo, ambaye nadhani hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Sasa ipo desturi moja ya ile idara ambayo lazima niieleze, maana bila hiyo mtanipotea njiani. Mtalii wa kweli ni mtu mgumu kupiga picha. Anakunja uso kwa jua, anavaa kofia mbaya, anataka kwenda chooni. Kwa hiyo tangu enzi na enzi idara ilikuwa na watalii wake yenyewe: makarani, madereva, wake zao na mashemeji zao, wanavalishwa miwani ya jua, wanatundikwa kamera isiyo na filamu shingoni, wanasimamishwa mbele ya mandhari. Sharti lilikuwa moja. Mtalii wa ofisi anapigwa kwa mgongo, asije akatambuliwa na jirani yake pale posta. Ndiyo maana ukizitazama kalenda zile za zamani utaona wageni wengi sana wameipa kamera kisogo, wanatazama mbali. Gazeti moja la nje liliwahi kuandika kwamba mandhari za nchi hii humfanya mtu ashindwe kugeuka.

Mwaka mmoja kabla ya vita, zamu ya utalii ilimwangukia kitinda mimba wa Mama Kabati. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mrefu, mikono haijui kutulia, na tangu anatambaa mama yake alimwita Kiroboto kwa jinsi alivyokuwa hashikiki. Walikwenda naye kwenye hoteli ya serikali, ile ya karibu na maporomoko, ambayo wakati huo ilikuwa na ghorofa mbili. Wakamsimamisha kando ya bwawa la kuogelea, kisogo kwa kamera. Tabasamu akainama, akahesabu moja, mbili. Mama mtu alikuwa pembeni ameshika sanduku la filamu, na macho ya mama hayana likizo. Akaona kamba ya kiatu ya mwanawe inaburuta chini.

"Kiroboto!" akapaza sauti. "Kamba ya kiatu!"

Mbele ya wahudumu wote wa hoteli, wasichana kwa wavulana! Kijana akageuka, uso nusu hasira nusu kicheko, na papo hapo kamera ikalia kacha.

Picha ikawa nzuri kupita zote za siku ile. Pia ikawa haifai, kwa sababu ilikuwa na uso. Mama Kabati akaitia kwenye bahasha, akaandika tarehe, akaifungia kabati la tatu.

Vita vilipoanza Kiroboto akachukuliwa. Barua zake zilikuja kila wiki mbili, fupi, zimejaa utani kuhusu mpishi wa kikosi, hadi mwezi wa kumi na moja zikakatika. Mwezi wa kwanza ikaja karatasi ya jeshi yenye maneno mawili ya maana: hajulikani alipo. Baba yake, fundi saa aliyefanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yao, aliisoma, akaikunja, akairudia meza yake, na tangu siku hiyo akawa anaifungua saa moja hiyohiyo na kuifunga, anaifungua na kuifunga, na mwenye saa akija anaambiwa bado. Mama Kabati yeye alikwenda masjala ya jeshi. Alikwenda mara saba. Karani alikaa nyuma ya kidirisha ambacho usingepitisha hata kikombe.

"Mnamtafuta lakini?" aliuliza kila mara.

"Faili lipo, mama," alijibiwa kila mara.

Ikafika kazi ya kalenda. Mwaka ule karatasi zilikuwa za shida, kwa hiyo kalenda ya mwaka ilikuwa itoke mwezi wa nne, yaani miezi mitatu ya mwanzo imekwisha kazi kabla haijazaliwa. Lakini Mkurugenzi aliishupalia kana kwamba vita vyote vinaitegemea.

"Hoteli ya maporomoko," alisema. "Ghorofa ya tatu imekamilika mwezi wa pili. Nchi inayojenga ghorofa, nani ataisema ina vita? Nataka hoteli ionekane, bwawa lionekane, na mgeni aonekane."

"Basi twende tukapige," akasema Tabasamu, ambaye alikuwa hajatoka ofisini miezi sita.

"Hakuna kwenda!" Mkurugenzi akawa mwekundu wa macho. "Hoteli imejaa. Ina wageni maalumu. Chukueni picha ya zamani, mwongeze ghorofa."

Mama Kabati akafungua kabati la tatu. Kulikuwa na picha kumi na mbili za hoteli ile. Kumi na moja zilikuwa za migongo. Ya kumi na mbili alipoitoa kwenye bahasha alikaa chini palepale sakafuni, akalia hadi akapata kwikwi. Alikuwa hajauona ule uso tangu siku lori la jeshi lilipomchukua. Nyumbani picha zipo, lakini zile amezikodolea macho mpaka zimeisha ladha; hii alikuwa ameisahau, na mwanawe akamjia mpya, anamkasirikia kwa ajili ya kamba ya kiatu.

Akaichagua hiyo. Msimtafutie hila, hakuwa na hila. Kalenda ingetundikwa posta, benki, shuleni, kila ofisi ya serikali hadi ya mwisho, na yeye alitaka mwezi mzima watu wamtazame mwanawe. Alimpa mwezi wa sita, mwezi aliomzaa. Akachora ghorofa ya tatu kwa siku mbili, dirisha baada ya dirisha, madirisha kumi na manane yenye fremu za kijani, na kivuli cha paa kikaanguka mahali pake hata mhandisi angeapa. Mkurugenzi, aliyeletwa idarani baada ya vita kuanza na hakumjua kijana, akasema mgeni huyu ana sura nzuri. Tabasamu alimjua. Alitazama picha, akamtazama Mama Kabati, akaenda zake kunywa chai.

Tatizo lilikuwa nyuma ya kalenda. Kila mwaka, tangu kabla Mama Kabati hajaajiriwa, nyuma ya kalenda huandikwa mstari uleule: picha zote zilizomo zimepigwa mwaka huu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeupiga taipu. Aliupiga kama mtu anavyosema hamjambo, bila kungoja kusikia kama wagonjwa wapo.

Tarehe mosi mwezi wa sita, nchi nzima ikafunua ukurasa. Tarehe tatu, saa nne asubuhi, kapteni wa jeshi akabisha hodi mlango wa kushoto mwisho wa ukumbi, akangoja aambiwe karibu. Alikuwa mtu wa adabu nyingi, wa viatu vinavyong'aa, na Mkurugenzi alikuwa nyuma yake anameza mate. Kapteni akaiweka kalenda mezani.

"Shikamoo, mama. Huyu ni nani?"

"Mwanangu!" Mama Kabati akasimama. "Mmempata?"

"Hilo nilitaka wewe utuambie." Akafungua daftari. "Kijana huyu hajaonekana kikosini tangu mwezi wa kumi na moja. Ghorofa hii imekamilika mwezi wa pili. Yeye amesimama mbele ya ghorofa, anacheka. Na idara yenu imeandika hapa nyuma kwamba picha ni za mwaka huu. Sasa mama, mimi si mjuzi wa picha, lakini naona askari aliyetoroka vita akaenda kuogelea."

Jamani! Mwanawe, mtoro! Adhabu ya mtoro wakati wa vita kila mtu aliijua. Mkono wa Mama Kabati ukaenda wenyewe kwenye kabati la tatu. Bahasha ilikuwa pale, na tarehe ya kweli, na filamu yenye ghorofa mbili tu. Angeitoa, angesema, na yangekwisha kabla chai haijapoa.

"Tutamsaka nchi nzima," kapteni akaendelea. "Nimepewa watu sita, gari na simu."

Mkono ukasimama. "Watu sita?"

"Kwa kuanzia."

"Na tangu mwezi wa kumi na moja hadi leo, mlikuwa mmempa watu wangapi?"

Kapteni akalifunga daftari lake. Nampa haki yake, hakudanganya. "Mama, nisikufiche. Waliopotea ni wengi, hatuna wa kuwatafuta. Watoro ndio wana kitengo chao."

Mama Kabati akalifunga kabati. Tabasamu alikuwa mlangoni, na moyo wake mwema ulimzidi nguvu. "Lakini afande, hiyo ghoro..." Kisigino cha Mama Kabati kikatua juu ya vidole vyake. Tabasamu akabaki mdomo wazi, chozi linamlenga, akatazama dari.

"Mtafuteni, mwanangu," Mama Kabati akamwambia kapteni. "Mtafuteni kila pembe. Mtoto mtoro ni aibu kwa mama yake."

Jioni alipomweleza mumewe, fundi saa aliiacha saa yake kwa mara ya kwanza.

"Umerukwa na akili? Umemtia mtoto kitanzi kwa mkono wako!"

"Nimemtia watu sita na gari, baba watoto. Jana alikuwa na faili."

"Wakimpata wakamfunga je?"

"Wakimpata nina hii." Akatoa bahasha kwenye mkoba.

"Na ikilowa? Ikichanika? Wakikataa kuiamini?"

"Wampate kwanza," alisema Mama Kabati. "Nimechoka kuambiwa ningoje. Wampate kwanza, mengine nitagombana nao mwenyewe."

Fundi saa akainuka. Alikwenda mezani kwake, akachagua kijaluba cha bati cha kuwekea vipuri, kile kisichopitisha hata vumbi, akaitia filamu humo na bahasha ameikunja mara mbili, akakibana kifuniko kwa kucha. Mkewe akakivaa kifuani, akalala nacho, akaoga nacho kiko juu ya kiti macho hayabanduki juu yake.

Siku zile tisa, msizitake. Watu sita walikuja wakapekua nyumba, wakaangalia chini ya kitanda, juu ya dari na ndani ya pipa la maji. Walikwenda kwa mawifi, kwa wajomba, kwa msichana mmoja ambaye Mama Kabati hakujua kama yupo, na akajua siku hiyo. Majirani wakaanza kumsalimia kwa mbali. Alivumilia. Usiku alijiuliza kama amemwokoa mwanawe au amemchimbia kaburi, na asubuhi aliamka akaenda kazini kufuta waya za umeme.

Siku ya tano simu ikaita idarani. Ilikuwa sauti ya kapteni, yuko mpakani, vumbi limejaa hata kwenye waya.

"Mama, nimeonana na wenzake. Wanasema siku ile ya mwisho walimpandisha kwenye lori la majeruhi. Alikuwa hai."

Hai! Watu sita kwa siku tano wamejua mengi kuliko masjala kwa miezi saba. Mama Kabati akamshukuru, akakata simu, akaketi juu ya dumu la takataka akidhani ni kiti.

Siku ya nane simu ya pili. "Kesho saa nne, mama, njoo hoteli ya maporomoko. Njoo na kitambulisho."

Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni, na aliposikia neno hoteli alipaliwa na mate. Ikabidi Tabasamu amletee maji. Ndipo akasema, huku anafuta jasho kwa tai yake, kwamba hoteli ile tangu mwezi wa pili ni hospitali ya jeshi. Ghorofa ya tatu yote ni vitanda. Ameapishwa asimwambie mtu, hata kapteni wa kitengo kingine.

"Kwa hiyo wageni maalumu..." akasema Mama Kabati.

"Ndio hao."

"Bwana Mkurugenzi," alisema taratibu, kwa sauti aliyoitumia kwa watu wanaorudisha bahasha zisizo zao, "kesho utanipeleka kwa gari lako. Mimi na mume wangu."

Wakaenda. Bwawa lilikuwa kavu, na juu yake zimepitishwa kamba, na juu ya kamba zimeanikwa bendeji mamia kwa mamia, zinapepea. Mama Kabati alitazama juu kwenye ghorofa ya tatu ya kweli. Madirisha yalikuwa kumi na sita, hayana rangi. Alikuwa ameongeza mawili.

Kapteni aliwapokea juu, kwenye mlango wa wodi, na uso wake haukuwa wa mtu aliyemaliza kazi.

"Majeruhi wa lori lile walihamishiwa hapa mwezi wa pili. Yupo mmoja wa kimo cha mwanao, lakini taya lililovunjika limepasuliwa upya, uso nusu umefungwa, mikono yote miwili iliyoungua bado imefungwa. Hasemi, haandiki. Na makaratasi yaliyokuwa kwenye koti lake ni ya jina jingine."

"Tena amechanganyikiwa kidogo, mama, pole," akaongeza nesi. "Kila tukimwita jina lake anatikisa kichwa. Nimeandika kwenye cheti. Na tangu mwezi huu uanze anaonyesha kalenda ile ukutani kwa mkono, siku nzima kalenda, kalenda. Nami namwambia, leo ni tarehe tano, kaka; leo ni tarehe sita, kaka. Anakasirika, anatupa mto."

Mama Kabati alitazama ukutani. Kalenda ilikuwa pale, mwezi wa sita, bwawa na mgeni anayecheka. Akatazama kitanda cha mwisho. Mtu mrefu alikuwa ameketi kuelekea dirishani, amekonda, shati la hospitali limemning'inia, amewapa kisogo.

"Mimi kwa kisogo siwezi kusema kitu," kapteni akanong'ona. "Na uso wenyewe..."

Mama Kabati hakumngoja. Alivuta pumzi hadi chini.

"Kiroboto!" sauti yake ikajaa wodi nzima. "Kamba ya kiatu!"

Hakuwa na viatu. Alikuwa na miguu mitupu juu ya saruji. Lakini aligeuka, upesi, mabega kwanza, kama alivyogeuka siku ile, na jicho lake moja lililokuwa wazi likawa nusu hasira nusu kicheko mbele ya wagonjwa wote, kisha likafurika. Mama yake alikuwa ameshamfikia. Fundi saa alikuja nyuma, akamshika mwanawe kisogo kwa mikono yote miwili, mikono iliyozoea vitu vidogo, akarudia neno moja tu, yupo, yupo, yupo, hadi nesi akaanza kulia naye na hakuwa wa ukoo.

Kapteni aliwaachia muda. Baadaye akakohoa. "Ni yeye basi. Nimefurahi, mama, kweli nimefurahi. Lakini jina si lake, koti si lake, na picha inaonyesha anacheka bwawani. Wakubwa wangu wataiona picha kabla hawajaliona taya."

Mama Kabati akaingiza mkono kifuani, akatoa kijaluba, akakifungua kwa kucha. Kapteni alisoma bahasha. Akaiinua filamu kwenye mwanga wa dirisha, akahesabu kwa kidole. Moja. Mbili. Akahesabu tena.

"Ya tatu iko wapi?"

Mkurugenzi, yule mtu wa wasiwasi wa watu kumi, akapiga hatua mbele na suti yake ya kijivu.

"Ya tatu niliiagiza mimi."

"Na mimi niliichora," akasema Mama Kabati. "Brashi namba mbili."

Kapteni aliitazama kalenda, akaitazama filamu, akatazama dari ya ghorofa aliyosimama ndani yake. "Siku tisa," alisema. "Watu sita na mafuta ya gari siku tisa, nchi nzima, kwa ajili ya rangi. Na bahasha hii unayo tangu siku ya kwanza."

"Ndiyo, mwanangu. Ningekupa siku ya kwanza ungemtafuta?"

Kapteni akatoa kalamu. Alichukua faili, akakata neno mtoro kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: amepatikana. Sahihi yake ilikuwa ndefu kuliko ilivyohitajika. Alipotoka, Kiroboto aliinua mkono wake wa bendeji akaonyesha kalenda, na nesi akasema bila kufikiri, "Leo ni tarehe kumi na mbili, kaka." Wodi nzima ikaangua kicheko, na Kiroboto alicheka kwa mabega kwa kuwa kinywa hakikuruhusiwa.

Habari ya koti ilijulikana baadaye. Mwenzake mmoja alimfunika nalo siku ile baridi ilipokuwa kali, akasahau makaratasi mfukoni. Mwenye koti yu mzima. Nyumbani kwake walipata barua mbili kwa mpigo, moja ya jeshi kwamba ameumia vibaya, moja ya kwake kwamba hajambo, wakaamini ile yenye mwandiko wanaoujua.

Jumatatu Mama Kabati alirudi kazini. Miezi saba alikuwa amepanda ngazi zile kama amebebeshwa gunia, na siku hiyo alizipanda huku anaimba puani. Kwenye ghorofa ya pili aliacha kuimba. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi kwenye ngazi, mkoba umekumbatiwa magotini, na nyuma yake wengine wanne, na kwenye kona mzee mwenye mkongojo.

"Wewe ndiye Mama Kabati?" yule wa kwanza akasimama. "Kapteni ameniambia nije kwako. Amesema nisiseme amenituma."

Akafungua mkoba akatoa picha. Kijana amesimama mbele ya baiskeli, kola imepinda. Kwa mkono mwingine alishika karatasi ya jeshi, ile yenye maneno mawili.

Mama Kabati aliitazama ile picha. Nyuma yake alimsikia Mkurugenzi anapanda, viatu vyake vinagonga, vinasita, vinasimama. Aligeuka kumtazama. Mkurugenzi aliwaangalia wale watu kwenye ngazi mmoja mmoja, akarekebisha tai.

"Kalenda ya mwaka ujao," alisema, "isichelewe." Akapita.

Basi Mama Kabati akafungua mlango wa kushoto mwisho wa ukumbi, akawaambia karibuni, mmoja mmoja. Akaitandaza picha ya hoteli mezani, bwawa limejaa maji, kingo zake ni tupu na nafasi ni tele. Akachukua bahasha mpya, akaandika tarehe ya kweli ya picha ya baiskeli, kwa herufi zinazosomeka vizuri, maana hiyo siku moja itahitajika. Kisha akamtazama yule mama.

"Nyumbani unamwitaje?" akauliza.

"Kijiko," yule mama akajibu, akaona haya. "Alikuwa halali bila kijiko mkononi."

Mama Kabati akaandika hilo pia. Akachovya brashi namba mbili, akaanza na uso.